Hatukanyagi Ketelberg

Benchi liko ubavuni mwa mkahawa wa Rika, kijijini Munkebeke, pale barabara ya kanisani inapokutana na ile inayopanda kwenda vilimani, na kila Alhamisi asubuhi utawakuta hapo watu wanne wale wale. Alhamisi Rika hafungui. Hilo halijawahi kumwondoa mtu, kwa kuwa kahawa huja na Alma Verstichel ndani ya chupa kubwa, na Alma akishamimina kikombe cha kwanza, baraza limeanza. Firmin wanamwita Redio, maana hazimiki. Gust ni Kamishna: miaka yote alikuwa akisimama njia panda siku za mbio za baiskeli, kibendera chekundu mkononi, akizuia magari, na tangu hapo anaamini sheria zote za ufalme zimo kichwani mwake. Staf, aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote, ni Pampu. Huyo huongea akipenda. Alma mwenyewe ni Breki, kwa sababu akisema basi, maneno husimama. Alhamisi hii upepo wa mwisho wa Machi ulikuwa unachoma masikio, Mbio Kuu zilikuwa Jumapili, na benchi zima lilikuwa limevimba kwa hasira.

Hasira yenyewe ilikuwa na haki yake. Tangu enzi za baba zao, watu wa Munkebeke hutazama mbio juu ya Ketelberg, kilima cha barabara ya mawe kilichosimama wima kiasi kwamba hata bingwa hukipanda akiguna. Jumamosi jioni unapeleka kiti chako, unakifunga utepe, unakiacha ukingoni mwa barabara, unakwenda zako kulala. Hakuna anayekigusa. Hata mwizi wa kuku hakigusi. Mwaka jana wakaja waandaaji wapya na mahema yao meupe ya wageni wa mvinyo, wakavizoa viti vyote kama takataka, wakavitupa kwenye lori. Kiti cha Roger, marehemu mume wa Alma, kilirudi kina miguu mitatu. Mwaka huu upande wote wa kulia wameuzungushia uzio, na mwenyeji ameachiwa kipande cha kushoto, nyuma ya vyoo vya kukodi. Nyuma ya vyoo! Kwenye kilima chake mwenyewe!

Ndiyo maana mwezi uliopita, siku nguzo za uzio zilipochimbiwa, Alma alisimama mbele ya benchi akaapa: atakayekanyaga Ketelberg siku ya mbio asikae tena hapa. Wote wakaweka mikono juu ya mgongo wa benchi, wakaapa naye. Wiki tatu nzima alijisikia mwanamke wa maana. Halafu Jumanne simu ikalia. Mjukuu wake Janne, aliyekuwa akisubiri nafasi katika timu yake tangu msimu uanze, alikuwa ameipata: mwenzake kaanguka kavunjika mfupa wa bega, na Jumapili yeye ndiye atakayeshiriki mbio za wanawake, barabara hiyo hiyo, kabla ya wanaume kupita. "Bibi, utakuwepo?" "Nitakuwepo, mwanangu, nitakosaje?" Alipokata simu ndipo akili ilipomrudia. Katika safari yote ile ndefu, wapanda baiskeli hupita kama risasi. Ni mahali pamoja tu wanapokwenda polepole kiasi cha kuona uso wa mtu na mtu kuona uso wao, na mahali hapo ndipo alipoapa kutokanyaga.

Hakumwambia mtu. Alikuja Alhamisi na chupa yake ya kahawa akitumaini kwamba vichwa vya watu watatu vitapata njia ambayo chake kilikuwa kimeikosa.

— Sikilizeni mpango, — alisema Redio kabla hata hajapuliza kikombe. — Asubuhi tunaondoka na gari langu. Kwenye kinu cha upepo, tunawaona. Tunakata njia ya shambani kwa Cyriel, tunatokea darajani, tunawaona. Nyuma ya kiwanda cha matofali, relini, tunawaona tena. Mara tano, jamani! Hao wa mvinyo wataona mara moja.

— Mara tano za kuona nini? — aliuliza Alma.

— Mbio!

— Pale kinuni ni mteremko. Vuu, wamepita. Utabaki unatazama bata.

— Utaona rangi za jezi.

— Rangi naziona kwenye kamba yangu ya nguo. Nakuuliza hivi: uso wa mtu utauona?

— Uso wa nini, Alma? Unatafuta mchumba?

Kamishna alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alma alimpiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

— Na supu yetu ya njegere ya kila mwaka tutainywa wapi? — aliuliza Kamishna alipopata pumzi. — Garini, kwenye mashimo ya Cyriel? Nimwagikiwe mapajani?

— Utakunywa tukisimama.

— Tutasimama saa ngapi wakati tunakimbizana na mbio? Hii si siku ya matembezi, hii ni kazi ya posta. Kwanza hiyo njia ya Cyriel Jumapili imefungwa, mimi najua. Sikilizeni kitu cha kisheria. Relini. Kizuizi cha reli kikishuka, kimeshuka. Hata mfalme anasimama. Wapanda baiskeli watasimama. Sisi tumekaa na viti vyetu na supu yetu, tunawatazama mmoja mmoja. Alma anataka nyuso? Hizo hapo nyuso.

— Na treni?

— Treni itakuja.

— Wakati huo huo wanapopita?

— Shemeji yake Redio si dereva wa treni?

— Alistaafu! — Redio aliruka. — Halafu alikuwa anaendesha ya mizigo. Changarawe!

— Hata changarawe inashusha kizuizi.

Alma alijaribu kuiona picha hiyo. Janne amesimama kwenye kizuizi, mguu mmoja chini, anacheka, anampungia bibi yake mkono. Picha ilikuwa tamu. Halafu akawaona wale waliotangulia, waliovuka kabla ya treni, wakizidi kuwa wadogo mbele huko, na mtoto wake amebaki anatazama mabehewa ya changarawe.

— Hapana, — alisema kwa ukali. — Treni hapana. Mtu kajitesa majira yote ya baridi kwenye mvua, halafu siku yake ikatwe na changarawe?

— Siku yake nani?

— Ya yeyote. Nyinyi mnadhani hao ni bata wa kuchezea?

Redio akamtazama Kamishna, Kamishna akamtazama Redio. Pampu alikuwa anaitazama chupa ya kahawa.

— Tusigombane wenyewe kwa wenyewe, — alisema Redio. — Mnajua mimi kinachonikera nini? Si uzio. Mwaka jana, kabla sijafukuzwa, nilimwona mmoja kule hemani. Suti ya buluu. Mbio zinapita, watu wanalia, mawe yanatetemeka, na yeye amegeuza mgongo anakula chaza. Mgongo, Kamishna! Amezipa mbio mgongo!

— Usiniambie.

— Nakuapia. Na limau anakamua.

— Mungu wangu.

— Mtu kama huyo ndiye amekalia mahali pa Roger, — alisema Alma, na sauti yake ilitoka vibaya, ikabidi ajifanye anamimina kahawa.

Wote waliinua vikombe kwa heshima ya Roger, ambaye katika maisha yake alikuwa ametazama mbio arobaini na kitu kutoka mahali pamoja, na mara ya mwisho alibebwa. Kisha hasira ikarudi ikiwa na nguvu mpya, na Redio ndiye aliyeipokea.

— Cyriel ana tanki la mavi ya nguruwe. Limejaa tangu Januari. Na shamba lake linapakana na uzio wa mahema. Na upepo Jumapili unatoka magharibi. Mimi sisemi zaidi.

— Jumapili ni marufuku kumwaga mbolea, — alisema Kamishna papo hapo.

— Basi Jumamosi jioni!

— Harufu ya Jumamosi inafika Jumapili, — alikubali Kamishna, na ilionekana sheria ndani yake inapigana na furaha. — Hapo... hapo sioni kifungu kinachokataza.

— Tena alivyo mchoyo, akisikia ni kwa ajili ya mvinyo atamwaga mara mbili.

— Na wanaopanda je? — aliuliza Alma.

— Wanaopanda nini?

— Kilima! Pale mtu anahema kwa mdomo wazi, mapafu yanataka kutoka nje. Utamjaza mavi ya nguruwe kifuani? Mtoto wa watu?

— Alma, — alisema Redio taratibu, — leo umeamka na wapanda baiskeli rohoni. Mwezi uliopita ulisema hata wakipita uchi hutageuza shingo.

— Nilisema hivyo?

— Ulisema. Kamishna shahidi.

— Nathibitisha, — alisema Kamishna.

Alma alijua alikuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema na mengine. Akiwa na hasira, mdomo wake hutangulia mbele kabisa na kumwacha yeye mwenyewe nyuma akiulizia njia. Akachukua biskuti, akaitafuna kama ina kosa.

— Basi tutumie akili, — alisema Kamishna. — Kiapo kinasema nini? Atakayekanyaga. Ka-nya-ga. Hakisemi atakayetazama. Sasa, mnara wa kanisa. Ngazi zake nazijua, niliwahi kupiga kengele. Juu pale Ketelberg unaiona yote, kuanzia chini mpaka kwenye kona. Padri ana darubini yake ya ndege. Tunapanda na mikate, tunapanda na bia, tunatazama mbio kutoka nyumba ya Mungu, na hakuna mguu uliogusa kilima.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Alma aliweka kikombe chini, akamsogelea.

— Kwa darubini uso unaonekana?

— Utahesabu meno.

— Na yeye, — alisema Alma, — akiinua kichwa, atakuona?

— Nani?

— Anayepanda.

— Atuone sisi? Mnarani? — Redio aliangua kicheko. — Atuone ili iweje? Mama wee, yule anatafuta pumzi, atatafuta Kamishna kwenye dirisha la kengele?

— Hawezi kuona, — alisema Pampu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. — Pale mtu haoni mbali. Anaona jiwe lililo mbele ya gurudumu, na aliyesimama karibu. Basi.

Alma akakichukua tena kikombe chake.

— Kama ni ukaribu, — alisema Redio, na macho yake yaliwaka mwanga ule ambao mke wake alikuwa akiuogopa, — mbona hamkusema? Mpwa wangu ni fundi wa mapaa. Ana lori la winchi, lile lenye kikapu cha kumpandisha mtu juu. Tunaliegesha kwenye shamba la Cyriel, nje ya kilima. Tunaingia kikapuni wote wanne na chipsi zetu. Mkono wa winchi unanyooka, unavuka uzio, unavuka mahema, tunaning'inia juu kabisa ya barabara. Juu ya vichwa vyao! Mtu wa chaza anainua macho anaona soli za viatu vyangu!

— Hatujakanyaga, — alisema Kamishna kwa mshangao.

— Tuko hewani!

— Tuko hewani. Lakini ngoja. Jua likitoka?

— Likitoka nini?

— Kivuli, bwana. Kivuli chako kikianguka juu ya Ketelberg, umekanyaga au hujakanyaga?

— Kivuli hakina miguu.

— Kina! Chako kina miguu miwili, nimekiona mara nyingi.

— Basi tuning'inie wakati wa mawingu.

— Na mayonezi ikidondoka?

— Mayonezi haikuapa!

— Ila iliyoimwaga ni mikono iliyoapa. Hapo kuna mjadala.

— Basi! — alisema Alma.

Maneno hayakusimama. Redio alikuwa ameshaanza kuhesabu uzito wa kikapu, akimwambia Kamishna aache bia moja nyumbani kwa usalama wa wote, na Kamishna anajibu kwamba uzito wake ni wa mifupa. Walikuwa na furaha, hiyo ndiyo iliyomuudhi Alma zaidi. Walikuwa wamepanga siku ya kutazama mbio tangu kahawa ilipokuwa ya moto, na hawakupata pahala hata pamoja ambapo mbio zinatazamwa. Naye hakuwa na mtu wa kumlaumu. Waliotupa viti kwenye lori walikuwa wezi, sawa, lakini kufuli hili alilifunga kwa mkono wake.

Baiskeli ilishuka kutoka barabara ya vilimani, ikakata kona bila breki, ikasimama mbele ya benchi. Aliyekuwa juu yake alikuwa na matope kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye nyusi.

— Bibi! Nilijua nitakukuta hapa. Hamjambo, babu zangu?

— Huyu si Janne huyu? — alisema Redio. — Mtoto, umelala kwenye mfereji? Umetoka wapi na matope yote hayo?

— Ketelberg. Nimeipanda mara tatu.

— Mara tatu! Nani kakuadhibu?

— Ni kwa ajili ya Jumapili. — Janne alivua kofia ya baiskeli, akamtazama bibi yake, kisha wazee watatu. — Kwani hajawaambia? Nimepewa nafasi. Nashindana.

Kama ingekuwa siku nyingine, Redio angekuwa ameshafika nusu ya kijiji na habari hiyo. Sasa alifunga mdomo wake polepole, na macho yake yakahama kutoka kwa msichana kwenda kwa Alma, na ikaonekana anaanza kuzielewa nyuso, na changarawe, na mavi ya nguruwe. Kamishna alikuwa ameshaelewa. Uso ulimwiva mpaka kwenye masikio.

— Hongera, mwanangu, — alisema Pampu. — Upepo umejaza kiasi gani?

— Umezidi, babu. Nadhani umezidi. Mara zote tatu nimekwama pale pale, karibu na kona, mawe yalipoachana. Gurudumu la nyuma linazunguka bure, miguu inakufa. Halafu ninafanya ujinga, nageuka kutafuta mtu. Hakuna mtu, ni uzio tu. — Akajifuta pua kwa mgongo wa glavu. Alikuwa anajaribu kusema kama jambo dogo. — Ndipo nikasema nipite hapa nikuulize, bibi. Jumapili, nikifika pale, nitazame upande gani?



Kamishna alikuwa na sheria za mfalme na za reli na za mbolea. Redio alikuwa na lori, winchi, mpwa na shemeji. Lakini wote wawili walitazama viatu vyao. Alma aliona aibu ikimpanda kama homa, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Haikuwa ile ya mwezi uliopita iliyokuwa tamu kuisema mbele za watu. Hii ilikuwa hasira ya kuchoka kuwa mjinga. Yaani watu wa chaza wamechukua kilima, wamechukua viti, wamevunja mguu wa kiti cha Roger, na juu ya hayo yeye mwenyewe akawapelekea hili la mwisho, akawafungia kwa utepe: uso wake, asionekane mahali pekee alipohitajika!

Akasimama. Akachukua mto wake mdogo wa kukalia, akaupiga vumbi.

— Alma, — alisema Kamishna kwa sauti ya chini. — Kile kiapo...

— Nakijua, Gust. Nilikitunga mimi. Ndiyo maana unaniona nimeshatoka kwenye benchi. Kahawa imebaki, gawaneni. — Akamgeukia mjukuu wake. — Kulia.

— Kulia kuna uzio, bibi. Wameusogeza mpaka karibu na mawe.

— Nitakuwa mbele ya uzio.

— Hawaruhusu mtu kusimama mbele ya uzio. Watakutoa.

— Waje wanitoe! — Sauti yake iligonga ukuta wa mkahawa, na upande wa pili wa barabara mtu akafungua dirisha. — Nimesimama pale kabla mama yako hajazaliwa. Waje na vibali vyao shingoni wamtoe bibi kizee barabarani mbele ya kamera. Wewe usiwatazame wao. Fika kwenye mawe yaliyoachana, geuza kichwa kulia, utaniona. Kama nitakuwa nimesimama utaniona, kama nitakuwa nimeshikwa mikono utaniona, na nitakuwa napiga kelele jina lako. Umenisikia?

— Nimekusikia, bibi.

— Mmoja wanamtoa mara moja, — alisema Pampu.

Alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya Janne, anatoa upepo kidogo kidogo kwa kidole gumba, sikio ameliegemeza kama daktari. Aliporidhika alifunga kifuniko, akajinyoosha mgongo kwa tabu, na badala ya kurudi kukaa alikwenda kusimama karibu na Alma.

— Wanne ni kazi, — alisema.

— Wanne? — aliuliza Redio.

— Nimehesabu vibaya?

Redio alifungua mdomo, na kwa jinsi alivyoufungua mtu angedhani anakwenda kueleza habari za mgongo wake mbovu, au za mpwa wake ambaye labda tayari anasubiri kwenye winchi. Lakini Kamishna alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevuta kofia yake ikakaa sawa, kama enzi zile za njia panda na kibendera chekundu, na alikuwa amemshika Redio kola ya koti.

— Inuka, bwana, — alisema. — Kiapo kinasema atakayekanyaga asikae benchi hili. Tukikanyaga wote, nani atabaki kumfukuza mwenzake?